Msiba Aliojitengenezea Godwin

Pale chuoni Godwin tulimwita Mzee wa Misiba, na hakuwahi kununa. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeongea karibu na kitanda cha mgonjwa, na kabla hajaja kusoma nasi kazi yake ilikuwa kurekodi mazishi. Wenzake hukimbilia harusi, kwa sababu harusi ina pilau na muziki. Yeye alizikwepa. Alisema kwenye harusi kila mtu anamtazama mpiga picha, kwenye msiba hakuna anayemwona. Kuanzia Usa River mpaka kwao Kikatiti, mtu akizikwa, Godwin utamkuta kwenye kona ya turubai, koti jeusi, kamera kifuani, kimya.

Mimi naitwa Salha, mtoto wa Daraja Mbili, na niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Sioni aibu. Kwetu waoga ndio wanaozeeka. Nilijiunga na kile chuo cha kamera na uhariri nikitaka kupiga picha za mapishi na mitindo ya nguo, sikujua kama kuna somo la kutisha watu. Kumbe lipo. Mwalimu wetu, Lesian, aliamini kwamba mwanafunzi akiweza kumtisha mtazamaji kwa dakika chache, mengine yote atayaweza, kwa sababu hofu haikubali kazi ya kulipua. Alitufundisha kuiacha picha isimame muda mrefu kuliko macho yanavyotaka. Alitufundisha sauti itangulie na picha ifuate. Mlango uonekane, anayegonga asionekane. Alisema yule ambaye hukumwonyesha ndiye mtazamaji atakayeenda kulala naye, na usiku ule nililala na taa inawaka.

Tuligawanywa watatu watatu. Kundi langu lilikuwa Godwin, mimi na Najim, kijana aliyekuwa fundi simu kabla ya chuo, mwenye mdomo ambao hata akilala sidhani kama unapumzika. Hadithi tuliyoiandika ilikuwa fupi: kijana anakufa, anazikwa, halafu anarudi kugonga mlango wa kwao. Kazi ikaja kwenye nani awe marehemu. Mimi nilikataa kabla sijaulizwa. Mama yangu angesikia nimelala ndani ya jeneza kwa hiari yangu angenisomea dua wiki nzima, kwa sababu kujichuria ni kujiitia. Najim naye, na mdomo wote ule, akasema ana mafua.

"Nitalala mimi," Godwin akasema. "Nimekaa karibu na majeneza mengi. Hayaambukizi."

Likaja suala la jina la kuandika kwenye msalaba. Mtu asiyeijua nchi hii atadhani ni jambo dogo. Kila jina tulilobuni lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Najim alitaja jina, nikakumbuka ni mjomba wangu wa Kondoa. Nikataja mimi, Godwin akasema huyo ni mwinjilisti wao. Nani anataka kumwandikia mtu mzima msalaba, halafu kesho asikie kaanguka? Mwishowe Godwin akachukua brashi akaandika jina lake mwenyewe, na mwaka wake wa kuzaliwa, na mwaka huu. Akasema uchuro wa mtu aliojifanyia mwenyewe haumdhuru mwingine. Nilimwamini, na hapo ndipo wote watatu tulipokosea.

Mwanzo wa filamu aliutengeneza peke yake usiku mmoja. Kwenye laptopu yake alikuwa na mfano ambao huutumia kwa kila familia: mshumaa unawaka kushoto, njiwa anaruka kulia, picha ya marehemu katikati, kinanda cha kanisani chini kwa chini. Safari hii katikati aliweka picha yake. Akatutumia mimi na Najim ili tuone. Mimi nilipoiona niliifunika simu chini ya mto, halafu nikaitoa, nikaenda kuilaza sebuleni.

Siku ya kurekodi tulipanda Olmotonyi asubuhi, kwenye shamba la mtu lililopakana na msitu wa misonobari. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru hadi kwenye magoti. Mwalimu Lesian alitaka tujifunze kupata usiku ndani ya mchana: kuubana mwanga wa kamera, kuikwepa mbingu, na rangi ya bluu tutaiongeza baadaye kwenye kuhariri. Kabla ya yote alipitisha kapu. Hiyo ilikuwa sheria yake, simu zote zinazimwa na kuingia kapuni, kwa sababu mlio mmoja unaharibu kazi ya saa nzima.

Nilimpaka Godwin rangi mimi mwenyewe. Unga wa muhogo usoni, masizi kuzunguka macho, mafuta kidogo midomoni ili ing'ae kama ya mtu aliyelowa. Yeye ndiye aliyenielekeza, kwa kuwa anawajua wafu kuliko mimi. Akajitia pamba puani, akafunga kifungo cha suti, akapanda kwenye jeneza tuliloazima kwa seremala, akafumba macho. Sikumwona tena Godwin pale.

Kazi yangu ilikuwa sauti. Mtu ambaye hajavaa hedifoni za kazi hajui zinavyomsogeza mtu. Nilimsikia Godwin akimeza mate kana kwamba anamezea sikioni kwangu. Tulipomfunika nilisikia kucha zake zikikwaruza mbao kwa ndani. Halafu Mwalimu akaagiza turekodi ukimya wa mahali penyewe, mtu yeyote asisogee, ili baadaye tukiunganisha vipande sauti isirukeruke. Wote wakaganda. Nilisikia misonobari, nilisikia tone la ukungu likianguka kwenye mfuniko. Godwin sikumsikia. Nikaongeza sauti. Hakuna pumzi. Nikaongeza tena. Hakuna. Nikazing'oa zile hedifoni nikapiga kelele za mtu aliyeona nyoka.

Mfuniko ukasukumwa, Godwin akaketi na uso wake ule.

"Nilibana pumzi nisiwaharibie," akasema.

Walinicheka mpaka chakula cha mchana. Sikujali, nilifurahi tu kwamba imekwisha. Mwalimu alisema picha zimetoka vizuri, gari la vifaa likarudishwa mjini, na kapu likapitishwa tuchukue simu zetu.

Ya Godwin ilipowaka ilianza kutetemeka mkononi mwake na haikuacha. Niliona uso wake ukibadilika chini ya ule unga. Akanipa nisome, kama mtu anayetaka kuhakikishiwa. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwa binamu yake: Godwin kama uko hai jibu. Wa pili: jibu basi. Baada ya hapo hakuna aliyemwandikia yeye tena. Waliandika kwa yeyote aliyeishika simu ile. Poleni wafiwa. Bwana alitoa. Mwili uko wapi, tunaomba mtuambie.

Tulimgeukia Najim wote kwa pamoja. Hakuwa na haja ya kuulizwa.

"Oya, noma imetokea," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. Asubuhi, kabla ya kapu, alikuwa amebandika ule mwanzo wa filamu kwenye status, na moyo uliopasuka, na maneno: Lala salama kaka. Alitaka watu waulize, halafu jioni awaambie filamu inakuja. "Nilitaka kiki tu, mwanangu. Wallahi kiki tu."

Jamaa mmoja wa Kikatiti aliipeleka kwenye kundi la kijiji. Wakampigia Godwin, hapatikani. Wakampigia Najim, hapatikani. Mtu kaonekana kwenye mshumaa na simu yake imezimwa, ungehitaji ushahidi gani mwingine? Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wenyewe ulikuwa umeshafika kilomita nyingi kutoka pale tulipokuwa tukicheka.

Godwin alisema neno moja tu. "Mama."

Habari za mama yake tulizijua. Anaitwa Anande, lakini Kikatiti nzima inamwita Mama Elinaza, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Elinaza alikuwa dereva wa lori, akafa barabarani miaka miwili iliyopita. Kuna mtu alimpigia mama simu akiwa sokoni anauza ndizi na kumwambia hivi hivi, kavu. Alianguka palepale. Alilazwa, presha imempanda, nusu anajijua nusu hajijui, na mtoto wake akazikwa yeye akiwa hospitali. Ndipo mjomba mmoja alipokodi kamera akamtia Godwin mkononi, arekodi ili mama aje aone. Godwin hakuwa amewahi kushika kamera. Kazi yake yote ilianzia kwenye mkanda ule. Na daktari alimwita kwenye korido akamwambia moyo wa mama umechoka, mshtuko mwingine wa namna ile hautauvumilia.

Alimpigia. Simu ya mama imezimwa.

"Wameshamchukulia simu," akasema. "Wako nyumbani tayari."

Alitueleza haraka haraka. Kwao, tangu yale ya sokoni, wazee waliapa Mama Elinaza hataambiwa tena msiba kwa simu. Anayefika kwanza humwondolea simu kwa ujanja. Kisha wanawake wanaingia mmoja mmoja kama wanaopita kusalimia, wanakaa, wanamshikisha kazi. Viti na makochi vinatolewa sebuleni, magodoro yanatandikwa. Mwisho anakuja Mzee Elimringi, jirani yao na mzee wa kanisa, anasema naye taratibu. Na kengele ya kanisa haipigwi mpaka mfiwa awe ameambiwa. Yote hayo yalipangwa kwa ajili ya kuulinda moyo wake, na sasa yalikuwa yanasogea hatua kwa hatua kumfikia, na huruma yote ile, kwa jambo ambalo halikutokea.

Alimpigia Mzee Elimringi, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mzee. Ni mimi, Godwin."

Sauti nzito ikasema, "Kijana, simu hiyo umeitoa wapi?"

"Ni yangu, mzee. Mimi mzima."

"Mnaokota simu za marehemu mnatupigia mtutapeli. Hata hajazikwa. Mungu anakuona." Akakata.

Akapiga tena, ikakatwa. Ndipo Najim aliposema, mpigie ya picha akuone. Godwin akapiga ya picha. Ikapokelewa. Uso wa mzee ukajaa kwenye kioo, miwani imeshuka puani, na nyuma yake viti vyekundu vya plastiki vinashushwa kwenye gari. Alitazama. Mdomo ukafunguka. Simu ikaanguka, tukawa tunaona jani la mgomba na mbingu, na sauti ya mwanamke inasema Yesu, Yesu, Yesu. Halafu giza.

Nilimtazama Godwin ili nijue mzee ameona nini, na roho ikaniruka. Pamba ilikuwa bado iko puani.

"Uso wako," nikamwambia. Akajigusa, akaitoa ile pamba polepole, akaitazama kwenye kiganja. Kuanzia hapo hakuna aliyepokea simu yetu wala kujibu ujumbe wetu tena Kikatiti nzima.

Gari lilishaondoka. Pikipiki ya Najim ndiyo iliyokuwapo. Mwalimu Lesian alinigeukia mimi, ambaye sijawahi kutaka ushujaa.

"Salha, nenda naye. Asifike peke yake."

Tulipanda mshikaki, Najim mbele, Godwin katikati, mimi nyuma na begi la Godwin mgongoni, nimemshika kiunoni mtu ambaye asubuhi ile nilimpaka rangi ya maiti. Mama yangu asingependa, lakini mama yangu hakuwapo. Tulishuka mpaka barabara kuu, tukauzunguka mji, tukaishika njia ya Moshi. Njia nzima alikuwa anasema kitu na upepo unakichukua, na nilipoweka sikio mgongoni kwake nikasikia ni kitu kimoja tu. Wasianze. Wasianze. Wasianze. Niliogopa malori, niliogopa mwendo wa Najim, na zaidi niliogopa kufika.

Usa River nilimlazimisha Najim asimame ili Godwin anawe. Mama mmoja muuza soda alitupa ndoo ya maji bila kuuliza, akamtazama Godwin akijisugua masizi yanayochuruzika hadi kwenye shati.

"Mnaenda wapi, wanangu?"

"Msibani, mama," Najim akasema.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

Tulipanda tukaondoka, ndoo yake tukaiacha katikati ya njia.

Tulikuwa tumeiacha lami pale Kikatiti, tunapanda njia ya vumbi kati ya migomba, kengele ilipoanza. Mlio mmoja, kimya, mlio mwingine. Godwin alishuka pikipiki ikiwa inatembea. Alianguka, akakaa vumbini.

"Ameambiwa," akasema.

"Twende, basi, tukawaambie."

"Siingii, Salha. Kama hakufa kwa kusikia, atakufa kwa kuniona." Alikuwa analia bila sauti, maji yanaingia kwenye unga uliobaki shavuni. "Nenda wewe. Angalia kama yuko hai."

Sijui miguu ilinibebaje. Turubai lilikuwa limeshafungwa, sufuria ziko motoni, makochi ya sebuleni yamepangwa nje chini ya migomba. Watu walinipa njia wakidhani ni mwenzao wa kulia. Mlangoni alisimama Mzee Elimringi, Biblia kwapani. Nilimwamkia, nikashindwa kuendelea. Ndani sikusikia kilio, na hilo ndilo lililonitisha zaidi ya kilio chochote.

Mama Elinaza alikuwa ameketi kwenye godoro, mgongo wima, wanawake wamemshika pande zote. Macho makavu. Ameshika simu ya mtu, na kutoka kwenye simu ile kikawa kinatoka kile kinanda, kinakwisha, anakianzisha tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikitazama kitambulisho cha chuo shingoni kwangu. "Unasoma na Godwin. Mwambie aingie."

Mzee Elimringi aliniinamia sikioni. "Tangu tumwambie hajadondosha chozi. Anasema mtoto mzima. Akili imeruka."

"Akili yangu ninayo, Mzee Elimringi," mama akasema bila kuinua macho. "Mshumaa huu ni wa Godwin, huwa anauweka kushoto. Na njiwa wake ana bawa moja fupi, nilishamwambia alirekebishe. Maiti gani anakaa akajitengenezea mkanda?"

Niligeuka nikakimbia mpaka njiani, nikamvuta Godwin kwa koti. Alipoingia chini ya turubai viti vilianguka. Mwanamke mmoja aliruka sufuria ya wali kama mbuzi. Wengine walishika vichwa, wengine walianza vigelegele na kuviachia katikati kwa kutojua kama inafaa. Godwin alipiga magoti kwenye godoro, na mama yake akamshika uso kwa mikono yote miwili, akambonyeza mashavu, akachukua pindo la khanga akamfuta masizi yaliyobaki nyuma ya sikio.

Nikashusha pumzi. Niliona yu hai, moyo umeshinda, tumewahi. Nikaanza hata kutafuta maneno ya kuja kumtukana Najim.

"Hii uliitengeneza ukiwa mzima," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe. Ni somo la chuo, tulikuwa tunajifunza—"

"Na ya Elinaza uliitengeneza wewe."

Nje kengele ilikuwa imenyamaza.

"Mshumaa ni huu huu," akasema. "Njiwa ni huyu huyu. Ile nimeitazama mpaka nimeijua. Wanalileta jeneza, wanaliweka mezani, mchungaji anasogea. Wanapofika kufunua, picha inaruka, naona maua. Uso sikuuona. Nilitoka hospitali nikakuta kaburi lina maua. Niambie, Godwin. Na yeye yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Yale ya msituni yalikuwa ya kitoto. Nilimtazama Godwin, mtu aliyerekodi vilio vya mama za watu wilaya nzima, na alikuwa anamtazama Mzee Elimringi kama mtoto anayetafuta mkubwa wa kumjibia.

"Tulimwambia sisi akate," mzee akasema, kichwa chini. "Kwa ajili ya presha yako, Mama Elinaza. Daktari alisema."

"Daktari analala kwake. Mimi mlango wa nyuma siufungi usiku, mwaka wa pili huu. Mnadhani nasahau?" Akamgeukia mwanawe. "Kipande mlichokata kipo?"

"Kipo, mama."

"Kiko wapi?"

Godwin alinitazama mgongoni, na wote wakanitazama mgongoni, na nikakumbuka begi lenye laptopu yake. Kuna mwanamke alinyoosha mkono anizuie. Mama Elinaza akapiga godoro kidogo kando yake, mahali pa mimi kukaa.

Nilikaa. Niliifungua ile laptopu mapajani. Godwin alinielekeza kwa sauti ya chini wapi pa kubonyeza, akashika mkono wa mama yake na kuuweka kifuani kwake. Picha ilitokea. Haikuwa na mshumaa wala kinanda. Ilikuwa picha mbaya ya mtu asiyejua kazi, inatikisika, upepo unavuma kwenye maikrofoni, na mahali fulani nyuma ya kamera mpiga picha anasikika akilia. Mikono ikashika mfuniko. Nilitaka kufumba macho, sikuthubutu, kwa sababu yeye hakufumba.

Uso wa Elinaza ulikaa pale muda mrefu. Alikuwa anafanana na Godwin kuliko nilivyotarajia. Mama yake alinyoosha kidole, akamgusa kwenye kioo, juu ya paji la uso, akazungusha kidole pale palipokuwa na kovu dogo.

"Ni yeye," akasema.

Halafu akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye hedifoni wala nje yake, na wanawake waliokuja kumlilia Godwin wakamlilia Elinaza. Mzee Elimringi alikaa chini kwenye saruji na kofia yake usoni. Niliogopa kwamba sasa ndiyo mwisho, kwamba tumemwokoa barabara nzima ili tuje tumuue kwa mikono yetu. Nikaweka kiganja mgongoni kwake, chini ya bega la kushoto, nikausikiliza moyo wake. Ulikuwa unapiga ovyo, unakimbia, unajikwaa. Nikabana pumzi ili nisikie vizuri, na uliendelea kupiga.